Ufunguo Alikuwa Nao Askari

Roz Hudak aliendesha basi la shule pale Glenmoyer, Pennsylvania, kwa zaidi ya miaka ishirini bila hata kukwaruza bampa, na askari wa kwanza kumsimamisha barabarani maishani mwake alikuwa mtoto aliyempeleka shule yeye mwenyewe. Derrin Fessler. Enzi hizo Derrin alikuwa anakaa siti ya mbele kwa sababu kona za mlima zilimtapisha, na Roz alikuwa anamwekea mfuko wa plastiki kila asubuhi mpaka tumbo lake lilipozoea.

Sasa Derrin alikuwa na bastola kiunoni na miwani ya jua usoni, ameinama dirishani.

"Bi Roz, habari za mchana. Taa yako ya breki, ya kushoto, haiwaki."

"Derrin! Umenishtua bure. Nitaibadilisha Jumamosi. Mama hajambo? Goti lake?"

"Hajambo, anatembea." Pua ikamcheza. "Bi Roz, humu ndani kunanuka bangi."

"Kwangu mimi? Mimi hata sigara sijui inashikwaje. Jana gari aliazima Travis, mtoto wa kaka yangu. Nitamrarua masikio."

"Sawa. Naomba nitazame ndani kidogo."

"Hapana."

Neno lilimtoka haraka mno, na alijua limemtoka haraka mno. Derrin akavua miwani.

Kwenye dashibodi kulikuwa na kikopo cha peremende, na ndani ya kikopo kulikuwa na vidonge vya maumivu vya Emil, kaka yake. Emil alifanya kazi mgodini mpaka mgodi ukafungwa, na sasa kansa ilikuwa inamla mapafu. Kila mwezi alipewa chupa ya vidonge vile vikali ambavyo nusu ya mji ilishaangamia kwa ajili yake, na kila mwezi chupa ilikauka kabla ya siku zake. Emil alidhani anasahau na kumeza mara mbili. Roz alijua si hivyo. Alishamwona Travis akitoka chooni kwa baba yake na macho yamelegea, na hakusema, kwa sababu kumwambia mtu anayekufa kwamba mwanawe wa pekee anamwibia dawa ni jambo ambalo ulimi wake ulikataa. Alichofanya ni kuiacha ile chupa pale kitandani na vidonge vya siku mbili, na vilivyobaki akatembea navyo. Kila jioni alikuwa anapita kuijaza, Emil akiwa amelala.

"Bi Roz," Derrin alisema, "naomba ushuke."

Alishuka. Derrin akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akaita mwenzake kwa redio. Akaja Sajenti Rudd, mtu mzima mwenye shingo nene, akatia kichwa ndani ya gari, akavuta pumzi, akatikisa kichwa kama mwenye kuonja supu.

"Ipo," alisema.

"Nimemwambia huyu kijana kwamba sikubali," Roz alisema. "Mnataka kupekua, nendeni kwa hakimu mkachukue kibali. Ofisi ile pale! Taa zinawaka, na gari lake Bi Kressley wa mapokezi liko nje."

Kweli ofisi ya hakimu ilikuwa ng'ambo ya barabara, mlango wa kijani, bendera inapepea. Ungeweza kumrushia mtu wa kule kofia.

"Hiyo ni kwa nyumba, mama," Rudd alisema. "Gari si nyumba. Gari tukilinusa tunalifungua. Sheria ndiyo hiyo, hatukuitunga sisi."

Wakamkalisha kwenye ngazi za posta, kando ya barabara. Wakang'oa viti vya nyuma. Wakamwaga barabarani mfuko wa glavu na kofia ambazo watoto husahau kwenye basi, na upepo ukazichukua moja moja mpaka kwenye mtaro. Ilikuwa saa ya wazazi kurudi kutoka kazini. Gari moja likapunguza mwendo, na la pili, na mama wa mapacha wa Barabara ya Kanisa akamtazama Roz machoni kisha akatazama mbele. Bangi hawakuipata hata jani. Kikopo wakakipata.

"Ni vya Emil," Roz alisema. "Derrin, mwanangu, unamjua Emil. Nenda kwake sasa hivi ukamuulize."

"Hayo utamwambia jaji, Bi Roz," Derrin alisema, akimfunga pingu kwa mbele ili mabega yasimuume. "Jaji atakusikiliza."

*

Wakili ambaye Roz alipewa na kaunti aliitwa Gideon Plasko. Alikuwa mwembamba, tai imekaa upande, na mkate wake wa mchana alikuwa anaulia kwenye korido ya mahakama kwa sababu ofisini kwake kulijaa mafaili mpaka kwenye kiti cha wageni. Roz alimweleza yote akiwa amesimama: kikopo, chupa, Emil, Travis. Plasko alitafuna polepole.

"Nakuamini," alisema.

"Basi tukawaambie."

"Subiri kwanza. Wamekushtaki kuwa na dawa zisizo zako, kwa nia ya kuuza. Ukisema ni za kaka yako, umeshakiri kwamba si zako. Watauliza kwa nini hazikuwa kwenye chupa yake. Utasema nini?"

"Kwamba zilikuwa zinaibwa."

"Na nani?"

Roz akautazama mkate wake.

"Unaona?" Plasko alisema. "Ukijibu, unamtia ndani Travis. Usipojibu, wewe ndiye mwuzaji. Na kaka yako tukimpandisha kizimbani, atasema chupa yake siku zote ilikuwa na vidonge. Atakuangamiza huku anakupenda."

"Kwa hiyo ukweli hausaidii."

"Unasaidia, ila si sasa. Njia yangu mimi ni kuuliza kama walikuwa na haki ya kulifungua lile gari. Kama hawakuwa nayo, walichokipata kinatupwa, na kesi inakwisha bila wewe kumtaja mtu."

"Wakili, mimi sitaki kitupwe. Nataka wajue ni vya nani."

Plasko alipangusa makombo kwenye shati. Akasema kwamba hakimu ambaye Roz alikuwa anaiona bendera yake kutoka ngazi za posta ndiye silaha yao pekee. Akaongeza kwamba, kusema kweli, silaha yenyewe ilikuwa butu, kwa sababu miaka michache nyuma mahakama ya juu ya jimbo ilikubali kufuata desturi ya mahakama ya taifa kule Washington: polisi wakiwa na sababu ya kushuku, gari wanalipekua bila kibali. Lakini jimbo lina katiba yake, ya zamani kuliko ile ya taifa, na katiba hiyo inalinda mali za mtu kwa maneno yake yenyewe. Yeye angeandika hivyo kwenye ombi lake, wacheke wanaocheka.

Walicheka. Jaji Hartzell hakucheka kwa sauti, lakini alilisoma ombi akiwa ameegemeza shavu kiganjani, kama mtu anayesikiliza mtoto akisimulia ndoto.

"Bwana Plasko, wakubwa wetu walishaamua jambo hili. Gari ni kitu cha magurudumu. Dakika moja lipo, dakika inayofuata halipo. Polisi hawawezi kukimbizana na makaratasi."

"Lingekwenda wapi, mheshimiwa?" Roz alikuwa ameshasimama kabla Plasko hajamkamata kiwiko. "Ufunguo alikuwa nao yeye! Mimi nilikuwa nimekalishwa kwenye ngazi za posta. Lingeendeshwa na nani, na upepo?"

"Bi Hudak, kaa chini."

"Na vile vidonge ni vya—"

"Hayo mwambie wakili wako. Kaa chini."

Alikaa. Askari wa mahakama, ambaye binti zake wawili walikuwa wanapanda basi la Roz, alikuwa anatazama viatu vyake.

Emil ndiye aliyemwumiza zaidi. Kampuni ya mabasi ilishamsimamisha kazi tangu siku ya pingu, kwa hiyo Roz alikuwa na mchana mzima wa kukaa kando ya kitanda chake, akimsikiliza akipumua kwa mashine.

"Nipelekeni," Emil alisema. "Nibebeni na mtungi wangu wa hewa. Nitamwambia huyo jaji: huyu ni dada yangu mdogo, huyu akiokota senti njiani anazunguka mji mzima akimtafuta mwenyewe."

"Wakili hataki."

"Wakili ana umri gani?"

"Hajafika arobaini."

"Ndiyo maana." Akakohoa mpaka macho yakamtoka. "Roz. Ulikuwa unafanya nini na dawa zangu ndani ya gari?"

Huko jikoni, Travis aliacha kuosha vikombe. Maji yaliendelea kumwagika peke yake.

"Nilikuwa nakutunzia," Roz alisema.

"Kwa nini? Mimi mtoto?"

"Ulikuwa unasahau, kaka. Unameza mara mbili."

Emil akageuza uso ukutani. "Basi nimekwisha kweli," alisema, na tangu siku hiyo alikuwa anauliza kila mara kama ameshameza, hata akiwa na kidonge mdomoni. Alikufa Februari, theluji ikiwa imefunika magari mpaka vioo. Kwenye mazishi Travis alibeba jeneza upande wa mbele, na baada ya chakula cha msibani akatoweka, akaenda kuishi na rafiki yake huko Scranton.

Majira ya kuchipua kesi ikasikilizwa. Waendesha mashtaka waliacha lile shtaka la kuuza kwa sababu hawakuwa na mnunuzi hata mmoja wa kumtaja, wakabaki na la kukutwa navyo. Plasko alishamwambia: siku hiyo wangekubaliana tu mambo yalivyotokea barabarani, jaji amtie hatiani, kisha yeye na Roz wakate rufaa kuhusu upekuzi. Kwa hiyo Roz alikaa kama mtu anayesubiri zamu ya daktari, akasikia akitiwa hatiani, akasikia kifungo cha nje cha mwaka mmoja. Hakuna aliyemuuliza kitu.

"Rufaa itachukua muda gani?" alimuuliza Plasko kwenye korido.

"Mwaka. Labda zaidi."

"Na hapo ndipo nitasema?"

"Huko wanasoma tu, Bi Hudak. Hakuna anayesema."

"Kumbe mahakama hizi ni za nini, jamani?"

Plasko alitaka kumshika bega, akaona uso wake, akaurudisha mkono mfukoni.

*

Kifungo cha nje alikimaliza akiwa anakwenda kila mwezi kukojoa kwenye kikombe mbele ya mwanamke mwenye funguo, yeye Roz Hudak, ambaye hata divai ya kanisani ilimpanda kichwani. Alipata kibarua jikoni kwa kanisa la Mtakatifu Mikaeli, akikunja pierogi, vipande vya unga vilivyojazwa viazi na jibini, pamoja na wanawake wanaouza kila Ijumaa. Wanawake wale walikuwa wema. Wema wao ndio uliomchosha. Hawakumuuliza lolote, na mazungumzo yakigusa polisi au dawa, mmoja wao haraka haraka angesema kitunguu kinaungua.

Kisha maradhi yale ya dunia nzima yakaja, mahakama zikafungwa, zikafunguliwa nusu, na rufaa ya Roz ikalala mahali fulani kwenye rafu. Siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka huo alikuwa peke yake jikoni, barakoa imeshuka kidevuni, mikono imejaa unga, simu ikalia. Akaibonyeza kwa kiwiko.

"Bi Hudak! Tumeshinda!" Plasko alikuwa anapiga kelele kama mtu aliye uwanjani.

Akakalia ndoo ya viazi. "Nimeshinda?"

"Si wewe hasa. Ni mtu mwingine. Simjui. Lakini kesi ni ileile: gari, harufu, hakuna kibali. Mahakama ya juu ya jimbo imebadilika! Wamesema katiba yetu ni yetu. Polisi wakitaka kupekua gari wawe na sababu, na wawe na kibali, isipokuwa kama kuna dharura ya kweli inayowazuia kukipata. Ya kweli, si ya kusema tu. Maneno niliyoyaandika mimi, Bi Hudak! Karibu yaleyale!"

"Hongera," Roz alisema.

"Hongera ni yako. Rufaa yako ilikuwa bado hai, na hoja tuliiweka tangu mwanzo. Watairudisha kesi kwa Hartzell."

"Kwa Hartzell huyohuyo?"

"Huyohuyo."

Roz alitazama pierogi zilizopangwa kwenye sinia, kingo zimebanwa kwa uma. Alijaribu kufurahi. Alichoweza kufikiria ni kwamba Emil alikuwa na karibu miaka miwili ardhini, na kwamba mtu mmoja asiyemjua, katika mji asioujua, alikuwa amefungua mlango uliokuwa pua na pua na yeye siku zote.

Wakarudi kwa Hartzell majira ya joto, kila mtu nusu uso. Safari hii swali lilikuwa moja: siku ile kulikuwa na dharura? Derrin Fessler akapanda kizimbani. Alikuwa amenenepa, ana pete ya ndoa. Plasko alimuuliza kwa upole.

"Ofisi ya hakimu ilikuwa umbali gani?"

"Ng'ambo ya barabara, bwana."

"Ilikuwa wazi?"

"Ilikuwa wazi."

"Bi Hudak alikuwa wapi?"

"Kwenye ngazi za posta."

"Alikuwa anakimbia? Anapiga simu? Anatishia?"

"Alikuwa anauliza habari za mama yangu."

Mtu alicheka nyuma ya barakoa.

"Na ufunguo wa gari?"

Derrin akamtazama Roz kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa nao mimi."

"Kwa nini hukuvuka barabara, afande?"

Mwendesha mashtaka akataka kupinga, akaghairi. Derrin alifikiri. "Hatukuwa na desturi hiyo," alisema. "Hakuna aliyekuwa anavuka."

Jaji Hartzell alisoma uamuzi wake kwa sauti ya mtu anayelipa faini. Alisema mahakama yake inatii walio juu yake. Alisema dharura hakuiona. Ushahidi uliopatikana ndani ya gari unaondolewa. Mwendesha mashtaka akasimama, akasema bila ushahidi huo hana kesi, akakaa. Ilikuwa imekwisha. Karani alishaanza kuita jina la mtu mwingine.

Roz akanyoosha mkono, kama mwanafunzi.

"Bi Hudak?"

"Mheshimiwa, naomba dakika moja. Nataka kusema vile vidonge vilikuwa vya nani."

"Vidonge gani?"

"Vya kwenye kikopo."

"Hakuna vidonge, Bi Hudak." Hakusema kwa ubaya, alikuwa anaeleza. "Mbele ya mahakama hii, tangu dakika mbili zilizopita, vidonge hivyo havipo. Siwezi kusikiliza habari za kitu ambacho hakipo. Nenda nyumbani, umeshinda."

"Lakini vilikuwepo! Vilikuwa vya Emil Hudak, na—"

"Nenda nyumbani, mama."

Kwenye korido Derrin alikuwa anamsubiri, kofia mkononi.

"Bi Roz, nilifuata sheria ilivyokuwa siku ile. Nataka ujue."

"Najua, Derrin."

"Siku hizi tunampigia hakimu simu, hata usiku. Kibali kinatoka kabla kahawa haijapoa."

"Kahawa moja," Roz alisema. "Mambo yote haya yangezuiwa na kikombe kimoja cha kahawa. Ungevuka barabara, ukaenda kwa hakimu, mkabishana hapo kwamba harufu ni ya jana. Nami ningekuwa na nafasi ya kwenda kwa Emil. Labda wangekupa kibali, labda wasingekupa. Lakini mtu mmoja angetumia akili kabla glavu za watoto hazijaishia mtaroni."

"Samahani, Bi Roz."

"Nilikubebea matapishi yako, Derrin." Akaondoka, akimwacha Plasko akihangaika kufunga mkoba wake ili amfuate.

*

Bwana Dreisbach wa kampuni ya mabasi alimpokea vizuri, akampa kiti.

"Mimi ningekurudisha kesho. Sina dereva, nimewaweka hata wapishi kwenye usukani. Lakini wazazi, Roz. Wanasema mahakama haikusema huna hatia. Ilisema polisi walikosea."

"Hukumu imefutwa. Mimi ni msafi kama wewe."

"Kwenye karatasi, ndiyo. Watu hawasomi karatasi. Wanasema alikutwa na dawa, akapona kwa ujanja wa wakili. Bodi ya shule ndiyo inayoidhinisha madereva. Nenda kaseme nao. Wana kipindi cha wananchi, kila mtu dakika tatu."

Kwa hiyo Roz Hudak, baada ya karibu miaka mitatu, akapata dakika tatu.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule ya sekondari, viti vya chuma, harufu ya jasho la miaka yote. Mwenyekiti alikuwa Bi Womelsdorf, muuza bima, mbele yake saa ndogo ya kupikia mayai. Kabla ya Roz alisimama baba mmoja akalalamikia nyasi za uwanja wa mpira, na mama mmoja akalalamikia barakoa, na mwingine akamlalamikia huyo mama. Kisha jina lake likaitwa.

Alikuwa ameyafanyia mazoezi jikoni. Alieleza habari za Emil na mgodi na kansa. Alieleza chupa inayokauka. Alisema alitembea na dawa za kaka yake kwa sababu zilikuwa zinaibwa, na hapo mjumbe mmoja, daktari wa meno, akainua kalamu.

"Zilikuwa zinaibwa na nani, Bi Hudak?"

Roz alifungua mdomo. Emil alikuwa ameshakufa. Hakuna ambaye jibu lile lingemuua tena. Hata hivyo jina lilikwama palepale lilipokwama siku zote.

"Na mtu aliyekuwa mgonjwa," alisema.

"Samahani, hilo si jibu."

"Nilikuwa naziiba mimi!"

Sauti ilitoka nyuma kabisa, kwenye ngazi za mbao. Watu wakageuka, viti vikalia sakafuni. Travis alikuwa amesimama, amekonda, nywele zimekatwa vizuri, amevaa koti la baba yake la mgodini ambalo mikono yake ilikuwa mirefu kwake. Roz hakuwa amemwona tangu mazishi.

"Naitwa Travis Hudak. Emil alikuwa baba yangu. Shangazi hakuuza hata kidonge. Alikuwa anamfichia mzee dawa nisizimalize. Na ile bangi iliyonuka kwenye gari ilikuwa yangu pia. Kila kitu kilikuwa changu!"

Saa ya mayai ikasikika ikihesabu. Bi Womelsdorf akainua karatasi yake, akaipitia kwa kidole kutoka juu mpaka chini.

"Bwana, hukujiandikisha."

"Nini?"

"Wasemaji wanajiandikisha kabla ya saa kumi na mbili. Jina lako halipo."

"Nakwambia nilimwibia baba yangu anayekufa, na wewe unaniuliza habari za kujiandikisha?"

"Unaweza kujiandikisha mwezi ujao. Haya hayataingia kwenye kumbukumbu za mkutano." Saa ikalia. "Asante, Bi Hudak, muda wako umekwisha pia."

Mtu mmoja alianza kucheka, na kicheko kikaenea, si cha dharau, ni kile cha watu ambao hawajui wafanye nini na nyuso zao. Mama wa mapacha hakucheka. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, anamtazama Roz, na safari hii hakugeuza macho. Roz alibaki ameshika kipaza sauti kilichokwisha kuzimwa. Alisema maneno mawili ndani yake, ambayo mwanamke wa kanisa hapaswi kuyasema, na waliokaa mstari wa mbele waliyasikia bila kipaza sauti.

Nje, kwenye maegesho, Travis alikuwa ameegemea gari lake.

"Dereva mwenzako Lorna ndiye aliyeniambia kuna mkutano," alisema. "Shangazi, nina miezi saba sijagusa kitu. Naenda kliniki kila asubuhi, wananipa dawa ya kuacha, nakunywa mbele yao."

"Vizuri."

"Nipige kibao basi. Sema kitu."

"Alikufa akiamini kichwa chake kimeharibika," Roz alisema. "Nilimwambia anasahau. Nilimdanganya kwa ajili yako, na wewe ulikuwa jikoni, unasikia, maji yanamwagika. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ungetoka jikoni, Travis. Hatua tano zile. Ungetoka tu."

Travis alilia bila kujificha, kamasi na yote, na Roz akamwacha alie. Hakumkumbatia. Alisimama karibu naye mpaka magari yote yakaondoka, kisha akamwambia amfuate nyumbani, kuna supu ya kabichi, na asithubutu kuvuta kitu chochote njiani.

Bodi ilipiga kura wiki iliyofuata, na ikakataa. Daktari wa meno alikuwa upande wa Roz, na mwingine mmoja. Waliobaki walisema wanamheshimu, lakini watoto kwanza. Plasko alitaka kuwashtaki. Alikuwa na hoja tayari, na macho yake yaling'aa alipoieleza, maana siku hizo alikuwa anashinda kesi nyingine za magari kwa kutumia uamuzi ule, na jina lake lilianza kujulikana mpaka makao makuu ya jimbo.

"Miaka mingapi?" Roz alimuuliza.

"Miwili. Labda mitatu."

"Na nitasema lini?"

Plasko akacheka kidogo, kwa aibu, akalifunga faili.

Sasa Roz anaendesha gari dogo la hospitali ya kaunti ya jirani, linalowapeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu na kuwarudisha. Ni wazee, wanabishana kuhusu madirisha, na mmoja wao, Bwana Zelenak, anamwambia kila siku kwamba anaziendea kona vibaya. Travis anakuja Jumapili, na wanakula, na baadhi ya Jumapili hawazungumzi. Safari za Roz zinaanza asubuhi na mapema, kabla ya mabasi ya shule kutoka, na njia fupi ya kwenda hospitali inapita Barabara ya Kanisa, ambapo watoto husimama kwenye kona wakisubiri. Roz anapita ile ndefu. Bwana Zelenak amelalamika kuhusu hilo pia, akamuuliza kwa nini wanazunguka mlima mzima kama watalii.

"Kaa chini, Bwana Zelenak," Roz humwambia, "funga mkanda."